Miwani Iliyokataliwa na Kawangware Nzima

Jumapili, 6 Machi 1977

Jalada la kitabu hiki limeandikwa 1976 kwa maandishi ya dhahabu, na kila ukurasa uko nyuma kwa siku moja. Leo kwake bado ni Jumamosi. Ndiyo maana nimekipata kwa bei ya sigara. Mwenye duka alikuwa ameanza kuchana kurasa za mbele azifungie njugu. Nikamuuliza, "Karatasi ina ubaya?" Akasema karatasi ni nzuri, mwaka ndio umekwisha. Nikamwambia, "Mimi sinunui mwaka, mzee, nanunua karatasi." Nakata siku yake kwa kalamu, naandika yangu juu, maisha yanaendelea.

Kwa atakayekiokota: mimi ni Ishmael Wekulo, mpaka rangi, mkaaji wa Kianda, Kibera. Shule niliiachia darasa la sita, nikamalizia kwenye reli. Nilipika ndani ya treni ya Kampala, na mtu aliyezoea kununua ndizi dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea, hakuna muuzaji wa soko atakayemtoa jasho. Plot yetu, yaani sisi wapangaji wa ua mmoja, ikitaka sufuria, mlango au redio, inanituma mimi.

Nanyama, bibi yangu, ameuliza kitabu ni cha nini. Nimemwambia ni cha kuandika vitu vyote nitakavyovipata kwa bei ya chini msimu huu, maana rangi ya nje haikauki mvuani na kazi itapungua. Akasema, "Andika pia vile tulivyotupa." Huyu mwanamke ananipenda sana.

Jumatano, 9 Machi

Shemeji Wakoli ametuma habari na dereva wa basi la Bungoma. Mama yao, Nasipwondi, macho yamefungwa na ukungu. Mtoto wa jicho. Anapapasa ukuta wa nyumba yake mwenyewe, na juzi alimtilia mchungaji chumvi kwenye chai. Wamesema aletwe Nairobi apasuliwe. Atakaa kwetu.

Nanyama alilia kidogo. Halafu akaniangalia, nikamwangalia, sote tukaangalia chumba. Chumba ni kimoja. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Mkikutana njiani kila mmoja anageukia upande wake. Si uadui, ni heshima. Nimeoa miaka mingi, kijana wetu Wepukhulu anasoma huko nyumbani, na bado uso wa yule mama siujui sawasawa. Namjua kwa mgongo.

"Utalala wapi?" Nanyama akauliza.

"Kwa Nyamai."

Nyamai ni Mkamba, fundi wa viatu, chumba cha mwisho karibu na choo. Nilipomweleza akasema, "Ingia tu. Hata sisi tuna wakwe. Lakini mimi nakoroma." Alisema kama mtu anayetaja kijiji chake.

Jumamosi, 12 Machi

Kitanda. Mama mkwe hawezi kulalia kitanda chetu, hilo halihitaji kuelezwa.

Nilikwenda Kawangware kwa miguu. Wanunuzi wa kawaida wanakwenda sokoni asubuhi jua likiwaka. Mimi nakwenda mawingu yakiwa meusi, kwa sababu muuzaji akisikia tone la kwanza anataka kufunga, na kitu kizito hataki kurudi nacho ndani. Sheria ya pili: usiguse unachokitaka, gusa jirani yake. Ya tatu, ambayo ndiyo mama wa zote: usimwambie muuzaji shida yako. Akijua shida yako, amekwisha kukuvua shati.

Wagaki anauza mbele ya plot yake kule Kabiro. Vitu vyote vilivyochoka kwa matajiri wa Lavington, wapishi na maboi wa huko wanamletea yeye: taa bila kofia, vikombe bila mkono, hata meno ya bandia niliyaona siku moja, yananichekea kutoka kwenye sahani.

"Hicho kiti bei gani?" nikamuuliza, mkono juu ya kiti, jicho kwenye kitanda.

Alikuwa anamenya viazi, hata hakuinua kichwa. "Kiti hutaki. Unataka kitanda."

"Kitanda hicho? Si kimeliwa na mchwa mguu mmoja?"

"Basi nunua kiti."

"Nani analala hapo, mama? Hata paka ataanguka."

"Wewe Mluhya una mdomo wa kulipia kodi. Ni cha nani?"

"Changu," nikasema. Sheria ya tatu.

Tulivutana mpaka mvua ikaanza, akatazama juu, akakubali. Nilikibeba kichwani mpaka Kianda, nimelowa kama sukuma wiki. Mguu wa mchwa nimeuungia kipande cha mbao, nikapaka rangi, huwezi kuujua. Yule mama ni jambazi kamili. Ana plot mbili zimejaa wapangaji, na bado ananibishia thumuni.

Jumanne, 15 Machi

Mama amefika. Nilitoka nje kabla hajaingia, kama inavyotakiwa.

Mchana Nanyama anamweka kwenye kigoda mlangoni, chini ya ukingo wa mabati. Mimi nikiingia kwenye plot nakohoa, nasema, "Mkwe anapita," ili ajue ageukie upande gani. Tatizo ni kwamba haoni, na mvua ikipiga mabati sauti inatoka kila mahali. Leo nilikohoa, yule mama akajifunika leso haraka, akageuka kwa heshima zote, akanielekea mimi moja kwa moja. Tukabaki tunatazamana kama picha ya harusi. Ilibidi nigeuke mimi. Nyamai alicheka mpaka msumari ukamtoka mdomoni.

Jumatano, 16 Machi

Nimekohoa. Amenielekea tena.

Jumamosi, 19 Machi

Matope ya Kianda yamefika kwenye kifundo. Nimepata gambuti, mpya kabisa, zimefungwa pamoja kwa kamba, kwa bei ambayo nikiiandika hapa nitaonekana mwongo. Muuzaji alikuwa na haraka sana. Nilimhurumia.

Jumapili, 20 Machi

Zote mbili ni za mguu wa kushoto.

Nyamai amezichunguza kama daktari. "Ishmael," akasema, "mahali fulani hapa Nairobi kuna mjinga mwenzako mwenye za kulia. Mtafute." Nimemjibu kwamba hata kama zote ni za kushoto, maji haziingizi. Nimezivaa kwenda kanisani. Naelekea kushoto kidogo, lakini nafika. Nimewaapisha Nanyama na Nyamai, mama asijue. Kule Bungoma nina jina.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Nimekohoa mara nne, mara tatu amenielekea.

Jumatatu, 28 Machi

Amepasuliwa leo, jicho la kulia. La kushoto litangoja. Nanyama alikuwa naye. Mimi nilikaa nje ya uzio wa hospitali, upande wa pili wa barabara, mkwe hawezi kusogea zaidi. Nilikuwa na ndizi za kuuma nipoze moyo, nikasahau kuzila. Watu wananijua kwa mizaha, na leo hata mmoja haukunijia. Yule mama alinipa binti yake wakati sina hata godoro. Wengine walimwambia, huyo mpishi wa treni atamwacha kwenye stesheni. Yeye akasema, "Mtoto huyo anacheka na watu maskini. Mpeni." Alisema hivyo akiwa amenigeuzia mgongo, lakini nilisikia.

Nanyama alitoka jioni. "Wamemaliza. Analala."

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Ameruhusiwa kutoka. Bandeji imetolewa, na sote tulidhani leo ndiyo siku. Nanyama alimwinulia vidole. Mama akasema anaona mwanga, rangi, na mtu kama moshi uliovaa nguo. Vidole hakuviona.

Nanyama amenilaumu kwa macho, kana kwamba hata daktari nilimnunua Kawangware.

Jumapili, 10 Aprili, Pasaka

Kuku. Mimi nimekula kwa Nyamai. Amekohoa yeye kwa niaba yangu, mama akamwelekea yeye. Angalau tumebadilishana.

Jumamosi, 23 Aprili

Nanyama amempeleka tena hospitali. Sista amemweleza vizuri: upasuaji umekwenda sawa. Lakini wakitoa ule ukungu wanatoa pia kile kioo cha ndani ya jicho, kwa hiyo lazima mtu avae kioo cha nje badala yake. Miwani mizito. Bila hiyo ataona moshi mpaka kaburini. Warudi tarehe tisa Mei, jicho likiwa limepona, na miwani waje nayo kama imepatikana.

Nanyama amepita kwenye duka la miwani mjini kuuliza bei. Alirudi akakaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Na kumbe shemeji Wakoli alikuwa ameshauliza mwenyewe kwa njia zake, maana jioni dereva wa basi ametuletea neno: mwisho wa Mei anauza ng'ombe.

Mama ana ng'ombe mmoja, mweupe mwenye baka shingoni. Maziwa yake ndiyo sukari, ndiyo sabuni, ndiyo karo ya Wepukhulu wetu. Nilimsikia mama mlangoni akimwambia Nanyama polepole, "Wasimuuze. Mimi nimeshaona vya kutosha. Huyo ng'ombe namjua kwa mkono."

Sikulala, na si kwa sababu ya Nyamai. Ng'ombe mzima aende kwa vipande viwili vya kioo, na mimi Ishmael Wekulo niko hai?

Jumamosi, 30 Aprili

Nimepata.

Wagaki ana bakuli la bati limejaa miwani za Lavington. Nilishika birika, nikauliza bei ya birika, nikaikosoa birika, halafu kama mtu anayecheza nikainua miwani. Nilijaribu moja baada ya nyingine. Nyingine zilinizungusha kichwa, nyingine zikafanya viazi vya Wagaki kuwa vikubwa kama maboga. Nikazitupa. Kisha nikapata hii: fremu ya dhahabu, kioo safi kama maji ya mlimani. Niliivaa nikaona Ngong, nikaona vilima, nikakaribia kumwona mbuzi aliye juu ya kilima.

"Ni za nani?" Wagaki akauliza.

"Zangu. Napenda kupendeza."

Akanitazama kwa muda, akashusha bei bila mvutano mkubwa. Nimerudi nikiimba. Ng'ombe amepona.

Jumapili, 1 Mei

Naandika haya kwa aibu ya mtu mwingine, siyo yangu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Baada ya kanisa Nanyama alimvalisha mama ile miwani ya dhahabu. Mimi nilisimama nje ya ukuta, upande wa dirisha. Plot nzima ilikuwa uani inasubiri. Kisha nikasikia sauti ya mama: "Naona. Naona vizuri sana. Mwambie Baba Wepukhulu Mungu ambariki."

Nikaruka. Nilimshika Nyamai nikamzungusha. Nikamwambia kila mtu, mnaona, ng'ombe mzima nimemwokoa kwa bei ya birika. Nilijisifu karibu saa nzima. Niliwaeleza jinsi nilivyoivaa mwenyewe kwanza, nikaona mpaka Ngong, kwa sababu mimi sinunui kitu bila kukijaribu.

Halafu mama akasema atatutilia chai, kwa furaha. Nilisikia chai ikimwagika sakafuni. Inamwagika taratibu, hainyamazi. Nanyama akasema, "Mama, kikombe kiko huku." Na yule mama akajibu, "Nimekiona, nimekiona, ni mkono tu umeteleza," huku chai bado inakwenda chini.

Alidanganya kwa ajili yangu. Alinisikia nikijisifu nje ya ukuta, akaona afadhali aungue miguu kuliko kuniaibisha mbele ya plot.

Nanyama alitoka na miwani mkononi. Hakunikaripia. Angekaripia ningekuwa na la kujibu. "Baba Wepukhulu," akasema, "wewe macho yako mazima. Ukiona vizuri na kitu hiki, ni kwa sababu hakina kitu ndani."

Jumatatu, 2 Mei

Mvua.

Jumanne, 3 Mei

Mvua. Sikukohoa. Nilipita kwa kuzunguka nyuma ya choo.

Jumamosi, 7 Mei

Kulikuwa na jua, siku mbaya kabisa ya kununua, nami nikaenda asubuhi kama mnunuzi wa kawaida. Sikushika birika. Nilisimama mbele ya Wagaki nikamwekea miwani ya dhahabu kwenye sinia la viazi.

"Imekuchosha kupendeza?" akasema.

Nikavunja sheria ya tatu. Nilimweleza yote: mama mkwe, kupasuliwa, ng'ombe, chai. Nilimweleza kwamba hata kitanda kilikuwa chake. Nilingoja anivue shati.

Wagaki aliweka kisu chini. "Kumbe kichwa chako kina maji ya mvua. Si nilikuuliza ni za nani? Nilikuuliza siku ya kitanda, nikakuuliza siku ya miwani. Ulinunua dirisha, mtu wangu. Nikafikiri, huyu anataka picha tu, acha nimpunguzie."

"Sikujua."

"Mama yangu alipasuliwa huko huko. Aliyepasuliwa anataka ile mizito, ile inayokulevya wewe. Ukiivaa usione kitu, hiyo ndiyo yake." Alivuta bakuli, akachimba mpaka chini, akatoa miwani yenye fremu nyeusi, mkono mmoja umefungwa uzi, kioo kama kitako cha chupa. "Hii imekaa hapa tangu mwaka juzi. Kawangware nzima imeijaribu, wote wanasema mbovu. Vijana wananiazima wawashie sigara kwa jua. Iko na dada zake wawili humo chini."

Niliivaa. Wagaki akawa wingu, viazi vikawa wingu, Kabiro yote ikawa moshi uliovaa nguo. Sijawahi kuona vibaya nikafurahi hivyo.

"Bei gani?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba maji.

"Beba bakuli lote. Ajaribu mwenyewe, urudishe zinazobaki. Dirisha lako naliacha hapa, tumebadilishana. Ukichelewa kurudisha bakuli nakuja Kibera na kisu hiki."

Nimemwambia mlango wake umebabuka, mvua ikiisha nitaupaka rangi ya kijani, tena makoti mawili, moja juu ya jingine. Akasema, "Nani amekwambia nataka kijani?" Tukaanza kubishana upya, na nikajisikia mzima. Yule mama niliyemwita jambazi hapo nyuma, nimekata kwa kalamu.

Jumapili, 8 Mei

Safari hii nimewakataza watu kukaa uani. Tumebaki sisi na Nyamai. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Mimi nilikaa mlangoni kwa Nyamai, gambuti miguuni, mikono katikati ya magoti.

Ndani nilimsikia Nanyama akivalisha na kuvua.

"Hii?"

"Hapana."

"Hii?"

"Hapana, mwanangu, afadhali bila."

Kisha bakuli halilii tena.

"Mama?"

"Naona," mama akasema.

Nanyama akachungulia. "Anasema anaona."

"Hivyo ndivyo alivyosema Jumapili iliyopita. Muulize anaona nini."

"Anasema anaona vizuri."

Nyamai akanitazama, nikamtazama. Neno "vizuri" lilinivunja nguvu. Mtu mwenye adabu kama ile, utamjuaje? Anaweza kusema anaona mpaka arudi Bungoma, auze ng'ombe kimyakimya, au asimuuze abaki kipofu kimyakimya. Nikasimama, nikasogea katikati ya uani nisikie vizuri sauti yake, nipate kujua kama ni ile sauti ya chai. Nikasahau kukohoa.

Pazia likafunguka. Mama akatoka peke yake, bila kushika ukuta. Nyuma ya vile vioo jicho lake lilikuwa kubwa kama ndimu. Alitazama kamba ya nguo. Alitazama juu, mabati yakidondosha maji. Alimtazama Nyamai na nyundo yake. Mimi nilikuwa nimeganda pale kwenye matope. Sikupumua, sembuse kukohoa. Jicho likaendelea kuja, polepole, likanifika.

Akageuka.

Alianza na bega, akavuta leso juu ya kichwa, akanipa mgongo. Mgongo wote, ulionyooka kabisa, na safari hii ulikuwa upande unaotakiwa. Hakuna aliyekohoa. Hakuna mvua. Aliniona na akanikwepa, kama mama mkwe yeyote mwenye macho yake.

Nami nikageuka upesi kumpa wangu, na ni bahati nzuri, maana uso wangu haukuwa wa kuonyesha watu. Tulisimama hivyo, migongo miwili, katikati ya matope ya Kianda.

Halafu akasema, akielekea ukuta, "Nyamai."

"Naam, mama."

"Mwambie Baba Wepukhulu, mtu mzima havai miguu miwili ya kushoto."

Jumatatu, 9 Mei

Sista ameipima miwani kwenye mashine yake. Nguvu imepungua kidogo tu, akasema, na akauliza tumeinunua duka gani mjini. Nanyama akamjibu, "Mume wangu ana duka lake." Nimemfanya arudie maneno hayo mara tatu. Neno limekwenda kwa Wakoli: ng'ombe asiguswe.

Jumamosi, 14 Mei

Mlango wa Wagaki, kijani, makoti mawili. Bakuli nimerudisha. Amenionyesha gambuti moja ya kulia iliyotoka Lavington wiki hii. Ni ndogo kwa nusu saizi. Tunaendelea kuvutana.

Jumapili, 15 Mei

Tumemsindikiza mama kwenye basi. Nanyama alimkalisha dirishani. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na muuza njugu. Nilipomwona ananitafuta kwa ile miwani, nikanyoosha shati. Alinipata, kati ya watu wote wale. Papo hapo akageukia upande wa pili, akakaa hivyo hivyo, mgongo kwenye kioo, mpaka basi likapinda kona.

Leo usiku nalala kwangu.